Paka, mbwa na kuku kwenye chumba kimoja: maswali ninayoulizwa Dodoma

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji ulijaa wapangaji. Watu waliozoea uwanja mpana sasa wanaishi chumba na sebule, ukuta kwa ukuta na jirani, choo cha pamoja, korido moja. Wengi wamekuja na paka wao. Wengine wamechukua mbwa wa ulinzi, au wana kuku watatu wanaolala jikoni. Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Huitwa kumtazama mnyama, lakini nikishaingia ndani mara nyingi nakuta chumba chenyewe kinahitaji tiba, na watoto pia. Mnyama na mtoto wanalala kwenye sakafu ileile. Ukimtibu mmoja ukamwacha mwingine, utaniita tena baada ya wiki mbili.

Daktari, paka nimemwogesha mara tatu lakini viroboto hawaishi. Watoto wamejaa vipele miguuni. Nifanyeje?

Viroboto unaowaona kwenye manyoya ni wachache kuliko waliobaki chumbani. Kiroboto jike hutaga mayai juu ya paka, ila mayai hayo hayashiki kwenye manyoya. Paka akijikuna yanaanguka, akiruka kitandani yanaanguka. Huanguliwa kwenye zulia, chini ya godoro na kwenye nyufa za sakafu ya saruji. Mabuu yanakimbia mwanga, yanajisokotea vifuko, na humo ndani kiroboto anaweza kungoja wiki nyingi, hata miezi, mpaka ahisi joto na mtikisiko wa mtu anayetembea. Ndiyo maana mtu anahamia chumba kilichokaa kitupu, hana paka wala mbwa, na usiku wa kwanza tu analiwa miguu.

Kama huna uhakika, vaa soksi nyeupe ndefu utembee taratibu pembeni mwa kitanda kwa dakika chache. Wakiwepo utawaona wanapanda kama punje za pilipili manga zinazoruka. Kwenye paka mwenyewe, chana manyoya ya kiunoni juu ya karatasi nyeupe. Chembe nyeusi zitakazodondoka zidondoshee maji. Zikitoa wekundu kama kutu, hiyo ni damu ya paka wako iliyopita tumboni mwa kiroboto.

Fanya kazi yote siku moja. Toa godoro, zulia na mito nje, fua mashuka na blanketi kwa maji ya moto, fagia nyufa kwa ufagio mgumu na uchafu wake uuchome. Mayai na mabuu ya kiroboto hayavumilii ukavu, na jua la Dodoma la kuanzia Juni hadi Novemba ni dawa isiyolipiwa, kwa hiyo anika kuanzia asubuhi hadi jioni. Halafu rudia kila baada ya siku tatu au nne kwa mwezi mzima, kwa sababu walio kwenye vifuko watakuwa wanaendelea kutoka.

Kuhusu dawa ya kumpaka paka, naomba unisikilize vizuri. Kabla sijasomea mifugo nilikuwa na paka wa kijivu. Duka moja la dawa za mifugo waliniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakaniambia niipunguze makali kwa maji mengi. Baada ya saa chache alianza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, mate yakamtoka kama povu la sabuni. Asubuhi alikuwa amekufa miguuni pangu. Ini la paka haliwezi kuvunjavunja sumu nyingi ambazo ng'ombe na mbwa wanazistahimili. Dawa yenye permethrini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa inaweza kumuua, na Panadol pia inaweza, hata kidonge kimoja. Nunua dawa iliyoandikwa kwamba ni ya paka. Ukiikosa, kitana chenye meno ya karibu na beseni la maji ya sabuni la kuwazamisha viroboto vitakufaa kuliko kubahatisha.

Mke wangu ni mjamzito. Mama mkwe anasema paka atolewe leo. Ni lazima?

Si lazima, ingawa mama mkwe ana sababu ya kuogopa. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma ambacho hukamilisha uzazi wake ndani ya utumbo wa paka na kutoka na kinyesi. Mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, kinaweza kumfikia mtoto tumboni, kikaharibu macho au ubongo wake, au mimba ikatoka.

Paka hukipata kwa kula panya na nyama mbichi, na kwa kawaida hukitoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Tena kinyesi kikiwa kipya bado hakiambukizi. Kijidudu huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla hakijawa hatari. Kwa hiyo beseni la mchanga analojisaidia paka likisafishwa kila siku, na wewe baba ukalisafisha badala ya mama mjamzito, hatari inashuka sana. Mama asishike mchanga huo. Akilazimika, avae glavu, anawe kwa sabuni.

Ninachotaka familia ikizingatie zaidi ni nyama. Watu wengi hupata toksoplasma kwa nyama isiyoiva kuliko kwa kumshika paka. Mjamzito akikaa kwenye nyama choma, kipande chake kiive mpaka ndani, kisiwe na wekundu. Mboga za majani zioshwe vizuri.

Na mkitoka nje, mtazame ile fungu ya mchanga wa ujenzi iliyomwagwa mbele ya kila nyumba ya pili hapa mjini. Paka wa mtaa mzima wanajisaidia pale, na watoto wanacheza palepale. Funika kwa turubai. Hata minyoo ya paka na mbwa inasubiri humo: mayai ya minyoo mikubwa hukaa hai udongoni kwa miezi, na mabuu ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mtoto aliye peku yakamchora mistari inayowasha mguuni.

Ni kweli manyoya ya paka yanaleta pumu, na mwanamke akiyameza hazai?

La kutozaa si kweli. Manyoya hayaendi kwenye kizazi.

La pumu lina ukweli wake. Anayeugua ni mtu mwenye mzio tayari, na kinachomsumbua ni protini iliyo kwenye mate na ngozi ya paka, ambayo hukaukia kwenye manyoya paka anapojilamba, kisha ikaelea na vumbi. Katika chumba kimoja chenye dirisha dogo lililofungwa kuzuia vumbi la kiangazi, haina pa kwenda. Mtoto anayekohoa usiku, kifua kinapiga filimbi, apelekwe hospitali apimwe kwanza, msimhukumu paka kwa kukisia. Ikithibitika ni mzio, paka asilale chumba cha mtoto, mapazia mazito na zulia vitolewe, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiwa kavu. Mkimtoa paka, jueni protini hiyo hubaki kwenye kuta na magodoro kwa miezi kadhaa. Msikate tamaa wiki ya pili.

Chumba kinanuka mkojo wa paka. Nimemwaga jiki lakini harufu imezidi, na macho yanawasha.

Acha kabisa, fungua mlango na madirisha, tokeni nje. Mkojo una amonia, na jiki ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Katika chumba kidogo chenye mtoto mchanga hili ni jambo la hatari kweli. Osha kwanza kwa maji mengi na sabuni mpaka jiki yote iishe, ndipo upake siki, uache ikauke.

Kama ni dume anayerushia mkojo ukutani, kusafisha peke yake hakutasaidia, anaweka alama ya mipaka yake. Mhasi. Wengi huacha tabia hiyo wakihasiwa mapema. Na kama ni jike anayekojoa nje ya beseni, angalia beseni lenyewe: paka hukataa choo kichafu kama wewe unavyokikataa cha korido.

Tuna kuku watatu, usiku wanalala jikoni kwa sababu ya wezi. Kuna ubaya?

Ninaelewa sababu, lakini wajengee banda dogo la kufungwa kwa kufuli, hata la mbao chakavu na wavu. Kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuharisha vinavyofika kwenye vyombo na mikono ya watoto.

Hapa katikati ya nchi kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka Pwani hawalijui: papasi. Ni ndugu wa kupe, rangi ya udongo, anajificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, kama za tembe zetu za Ugogo. Anatoka usiku, ananyonya kwa muda mfupi, anarudi ufani kabla hujaamka. Hunyonya binadamu na kuku pia, kwa hiyo kuku wa ndani ni chakula chake cha ziada. Huambukiza homa ya papasi: homa kali inakuja siku kadhaa, inakatika, unadhani umepona, inarudi. Ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wadogo, na hutibika kwa antibiotiki. Ukiwa na homa inayokwenda na kurudi na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambie mganga wa hospitali kwamba unalala nyumba ya sakafu ya udongo. Neno hilo moja linaweza kumfanya akutazame damu upya. Nyumbani, ziba nyufa, sakafia, panda kitandani.

Mbwa wetu anabweka usiku kucha, mwenye nyumba anataka tuhame.

Mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa kwenye korido lazima abweke. Mtembeze asubuhi na jioni, mpe maji ya kutosha na kivuli. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakudai hayo. Na kama nafasi hairuhusu, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kumchukua mbwa.

Mtoto ameng'atwa na mbwa wa mpangaji mwenzetu. Bibi yake ameweka pilipili na majivu. Tusubiri tuone?

Msisubiri hata saa moja. Nawaomba sana.

Kichaa cha mbwa kiko kwenye mate. Virusi huingia kwenye jeraha, hupanda taratibu kwenye neva hadi kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu kwa wengi, mara nyingine siku chache, mara nyingine zaidi ya mwaka. Wakati huo wote mtoto anacheza kama kawaida. Dalili zikianza, kuogopa maji, kushindwa kumeza, kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Nafasi ya kumwokoa iko kabla ya dalili.

Osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili, mkitazama saa. Kama ni siku ya mgao, mmoja amimine kwa kopo kutoka kwenye dumu, mwingine apake sabuni. Toeni pilipili yote na majivu yote, msifunge wala kushona. Kisha hospitali siku hiyohiyo. Pigeni simu kwanza kuuliza kama chanjo ipo, maana zahanati nyingi hazina, na saa mtakayopoteza kwenye foleni isiyo na dawa ni ya mtoto. Chanjo hutolewa kwa awamu, siku ya kwanza, ya 3, ya 7 na kuendelea kadiri mganga atakavyopanga. Msiache katikati kwa sababu kidonda kimepona.

Mbwa msimuue. Afungwe salama, mwiteni afisa mifugo wa kata, aangaliwe siku 10. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata. Akigeuka tabia, akidondosha mate, taya likalegea, sauti ikakauka, au akaenda kujificha gizani kimya, afisa ajulishwe papo hapo. Paka naye hupata ugonjwa huu, kwa hiyo mkwaruzo au ng'ato la paka asiyejulikana lioshwe vilevile.

Lakini mwenye mbwa ana hati ya chanjo. Bado tuende?

Nendeni. Angalieni tarehe kwenye hati: mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na hati nyingi ninazoonyeshwa zimepita miaka miwili. Mganga ndiye ataamua kama sindano zinahitajika. Ipigeni hati picha kwa simu mkiwa mlangoni, mtoto akiwa bado anaoshwa, mwende nayo.