Konsoli Mpya Imekataa Kuwaka: Chunga Neno Lako la Kwanza Dukani

Tuseme ni Jumamosi. Umefika Luthuli Avenue, Nairobi, umelipa kwa till ya M-Pesa, na umerudi nyumbani na PlayStation 5, konsoli ya michezo ya video, kwenye sanduku lake. Watoto wanakusubiri mlangoni tangu mchana. Kufikia magharibi mashine inawaka dakika kumi, kisha inazima yenyewe. Jumatatu unairudisha dukani na kijana wa kaunta anakupokea kwa adabu zote: "Pole sana, mathe. Acha tuipeleke kwa fundi, wiki mbili hivi tutakupigia." Unamwambia sawa, asante, na kushika njia.

Kazi yangu ni kuwaelimisha wateja kuhusu haki zao, na nikisikia kisa cha namna hii huwa nauliza kwanza: ulisema nini siku ile? Kwenye hilo "sawa, asante" ndipo haki nyingi hupotelea, bila mtu kudanganywa wala kutukanwa.

Sheria inayohusika hapa ni ya zamani na haina makuu. Ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya. Kifungu chake cha 16 kinachukulia kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani amekuahidi kuwa bidhaa hiyo iko katika hali inayofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Konsoli mpya inayozima kila baada ya dakika kumi haiko katika hali hiyo. Hapo una njia mbili. Unaweza kuikataa bidhaa yenyewe, mkataba ukavunjika na pesa zako zote zikarudi. Au unaweza kubaki nayo na kudai fidia ya kasoro. Njia ya kwanza ndiyo watu wengi huitaka, na ndiyo hufungwa mapema.

Hufungwa pale sheria inapohesabu kwamba umeikubali bidhaa. Unaikubali ukimwambia muuzaji kuwa umeipokea na umeridhika. Unaikubali pia ukiifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya. Na unaikubali ukikaa nayo muda wa kutosha bila kusema kwamba umeikataa. Muda huo ni siku ngapi? Sheria ya Kenya haitaji idadi, inasema tu muda unaostahili kulingana na mambo yalivyo. Muuzaji akikuzungusha wiki tatu kwa "rudi kesho", kalenda inamfanyia kazi yeye.

Kwa hiyo siku ile ile unayogundua kasoro, andika. WhatsApp inatosha, mradi ujumbe uende kwa nambari ya duka na ubaki kwenye simu yako. Ujumbe wenyewe uwe mfupi, kama huu:

"Habari. Jumamosi tarehe 4 nilinunua kwenu PlayStation 5 mpya. Picha za risiti na nambari ya siriali nimeambatisha. Tangu siku hiyo inazima kila baada ya dakika kumi, video ni hii hapa. Haifai kuuzwa ikiwa katika hali hii, kwa hiyo ninaikataa na ninaomba mnirudishie pesa zote kufikia Ijumaa. Mkiwa na nyingine mpya ya aina hiyo hiyo, niko tayari kubadilishiwa. Mashine iko kwangu, niambieni mtaichukua lini au niilete lini."

Neno linalobeba mzigo wote hapo ni "ninaikataa". Ukiandika "nisaidieni, ina shida kidogo" hujakataa kitu. Sentensi ya mwisho nayo ina maana yake: mnunuzi aliyekataa bidhaa kwa haki halazimiki kisheria kuibeba hadi dukani, kumjulisha muuzaji kunatosha. Mimi hushauri uipeleke ukiweza, kwa sababu mabishano ya ana kwa ana huisha haraka. Lakini usitishwe na anayesema kwamba bila kuileta leo hana la kufanya.

Ukishatuma ujumbe huo, ifunge mashine kwenye sanduku. Hili huwaumiza watoto, najua. Lakini huwezi kuikataa mchana na kuicheza usiku, wala kuipeleka kwa fundi wa mtaani aifungue.

Na kutengenezewa je? Si vibaya kukubali, hasa kama ni kitu kidogo kama padi, yaani kile kidhibiti cha mkononi, inayosogeza mchezaji yenyewe. Ila kubali kwa masharti, tena kwa maandishi: "Nimekubali muitazame hadi Ijumaa, bila kuacha haki yangu ya kuikataa." Kuna jambo jingine ambalo hushangaza wengi: Sura ya 31 haimlazimishi muuzaji kukupa mashine nyingine. Inazungumzia pesa, yaani bei irudi au fidia ilipwe. Kubadilishiwa ni makubaliano kati yenu, na kwa kawaida muuzaji huyapenda kuliko kufungua droo ya pesa. Ndiyo maana ujumbe wangu unaomba pesa kwanza, kisha unaacha mlango wazi.

Sasa ile mihuri nyekundu chini ya risiti: "Bidhaa zikishauzwa hazirudishwi." Sheria ya Kumlinda Mteja ya mwaka 2012 inasema kwamba sharti lolote linalojaribu kufuta au kupunguza ahadi zilizomo katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili. Muhuri huo haumkingi muuzaji aliyeuza kitu kibovu, hata kama ulitia sahihi juu yake. Unamkinga pale tu ulipobadilisha mawazo: ulinunua Xbox, ukafika nyumbani ukakuta mwanao alitaka Nintendo Switch. Hapo huna kasoro ya kulalamikia, na duka likikubadilishia limekufanyia hisani. Juu ya sheria zote hizo kuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mteja haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili na fidia kwa hasara iliyotokana na kasoro.

Muuzaji naye ana hoja zake, na baadhi ni za haki. Ya kwanza: "Uliijaribu hapa hapa ukaridhika." Sheria inasema ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Mkwaruzo, padi iliyokosekana, mlango wa HDMI (wa kebo ya TV) uliopinda: hayo ulitakiwa kuyaona. Joto linaloizima baada ya dakika kumi halikuonekana kwa kuiwasha dakika mbili juu ya kaunta. Nisingekushauri uache kuijaribu dukani eti kwa kuogopa kipengele hiki. Ijaribu, na uijaribu hasa: weka diski isome, chomeka kebo uone picha, linganisha nambari ya siriali ya sanduku na ile ya mashine, upige picha zote mbili.

Hoja ya pili ndiyo ngumu: "Stima yenu ilipanda, ikaichoma." Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2015, kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 huchukuliwa kwamba ilikuwapo tangu mwanzo, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Kenya hatuna kanuni hiyo. Wewe unayedai ndiye unayethibitisha, ingawa kipimo ni kipi kinaelekea zaidi kuwa kweli, si uhakika wa asilimia mia. Video ya kufungua sanduku na kuiwasha mara ya kwanza huwa na thamani kuliko maelezo ya kurasa tano. Saidia pia kesi yako kwa kuichomeka kwenye kifaa cha kuzuia stima kupanda ghafla, na uwe na picha yake.

Ya tatu, "kampuni kubwa kama hii haitoi kitu kibovu", hiyo ni porojo. Mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kushughulikia Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuonyesha taa tatu nyekundu, na kwa tatizo hilo ikarefusha dhamana hadi miaka 3. Mwaka 2023 Nintendo iliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kutengeneza bure padi za Joy-Con zenye tatizo la kusogea zenyewe, hata baada ya dhamana kwisha.

Lakini kabla hujamshtaki mtu, hakikisha kweli ni kasoro. Badilisha kebo ya HDMI. Jaribu TV ya jirani. Kwa PS5, izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 baada ya ule wa kwanza. Itafunguka katika hali salama na utaweza kuisahihisha programu yake, padi ikiwa imeunganishwa kwa waya. Na kadi ya zawadi ya Marekani kukataliwa na akaunti uliyoifungua kwa nchi nyingine si ubovu wa mashine, ndivyo mfumo ulivyopangwa.

Wapo watakaokutuma kwa mtengenezaji: "Hiyo ni waranti ya kampuni, sisi tunauza tu." Dhamana ya mtengenezaji ni nyongeza, na mara nyingi hufuata eneo ambalo mashine ilikusudiwa kuuzwa. Iliyopitia Dubai au Japani huenda isitambuliwe na kituo cha huduma unachokijua. Mkataba wako ni na aliyepokea pesa zako. Vivyo hivyo kile kikaratasi cha "waranti ya duka miezi 3" hakipunguzi yale uliyopewa na sheria.

Na kama uliuziwa mpya, kumbe ni ex-UK, yaani iliyokwisha kutumika Uingereza, iliyosafishwa na kufungiwa nailoni upya? Dalili huwa vumbi kwenye feni, mihuri iliyobanduliwa, nambari za siriali zisizolingana. Hilo ni zaidi ya kasoro. Kudai kitu ni kipya ilhali kimetumika ni maelezo ya uongo, na Sheria ya Kumlinda Mteja inakupa hadi mwaka mmoja tangu kununua kutoa taarifa ya kuuvunja mkataba.

Aliyeletewa na shangazi kutoka London asihangaike na duka la Nairobi wala asiandike yeye mwenyewe. Shangazi ndiye mnunuzi. Kwa sheria ya Uingereza ana siku 30 za kudai pesa zote, na baada ya hapo duka lina nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha kabla hajadai kurudishiwa pesa. Kama alilipa kwa kadi ya mkopo na bei ilizidi pauni 100, anaweza pia kuidai benki iliyotoa kadi. Mwombeni aifungue na kuiwasha huko huko kabla ya kuifunga kwenye mizigo. Aliyenunua Kariakoo atakuta Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, imetoka tumbo moja na ya Kenya, yaani sheria ya Uingereza ya 1893. Malalamiko ya huko hupokelewa na Tume ya Ushindani, FCC.

Ijumaa uliyoitaja kwenye ujumbe ikipita kimya, andika barua ya madai yenye siku 7. Halafu chagua. Unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, bila ada, hasa pale muuzaji alipodanganya au anapowafanyia hivyo wateja wengi. Kwa pesa za konsoli moja, mimi ningeelekea Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kufungua dai. Si lazima uwe na wakili. Utahitaji jina la unayemshtaki, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu bango la duka si jina la kisheria. Litafute kwenye risiti ya KRA, yaani ile ya kodi, au kwenye ujumbe wa M-Pesa uliopata ulipolipa till.

Na siku ya kuikabidhi mashine, ondoa akaunti yako kwanza na ufute data, kwa sababu kadi ya benki inaweza kuwa imehifadhiwa humo. Kama haiwaki kabisa, ingia kwenye akaunti yako ya PlayStation kupitia kivinjari cha simu uiondoe kwenye vifaa vyote, halafu ubadilishe nywila. Dai risiti ya makabidhiano yenye nambari ya siriali, tarehe na sahihi ya aliyeipokea.