Kitasa, Ulimi na Miimo: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Mlango katika Nyumba za Mombasa

Mtu anayejenga au kukarabati nyumba Mombasa huamua mapema aina ya saruji, mabati na rangi, lakini vifaa vya mlango huviacha hadi siku fundi seremala anapompigia simu kumwambia kwamba mlango uko tayari na kitasa hakijafika. Hapo ndipo anapoingia katika hadiwea iliyo karibu, iwe Mwembe Tayari, Kongowea au Likoni, akaomba “kitasa kizuri”, naye muuzaji akampa alichonacho. Boksi lake limeandikwa inchi, idadi ya leva, namba ya chuma na pengine daraja la usalama. Kila moja kati ya hayo lina maana yake mahususi, na mara nyingi maana hiyo siyo anayoidhania mnunuzi.

Dhana: Mlango ukibamizwa ukashika, umekwisha kufungwa.

Kitasa cha kuchimbia, yaani kile ambacho sanduku lake huzamishwa ndani ya unene wa ubao kwa patasi, kwa kawaida huwa na ndimi mbili zenye kazi tofauti kabisa. Ulimi mmoja umekatwa mshazari na husukumwa na springi. Ndio unaorudi ndani mlango unapogusa mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, kisha ukachomoka na kuushika. Kazi yake ni kuuzuia mlango usichezwe na upepo wa kusi, basi. Kwa kuwa kinachouweka nje ni springi tu, mtu mwenye kipande chembamba cha plastiki ngumu anaweza kuurudisha ndani bila ya ufunguo, iwapo ule upande wa mshazari unamwelekea. Ulimi wa pili ni wa mraba, hauna springi ya kuusukuma, na hautoki wala hauingii ila kwa ufunguo. Huo ndio unaofunga nyumba.

Hali ni hiyo hiyo kwa kile kitasa kidogo kinachobandikwa juu ya ubao kwa upande wa ndani, ambacho wapangaji wengi wa fleti hukipenda kwa sababu hujifunga chenyewe. Aina zake nyingi za bei nafuu zina ulimi wa springi pekee, kwa hiyo anayetoka akaubamiza mlango nyuma yake ameuacha umeshikwa, hakuufunga.

Dhana: Kitasa cha inchi tatu huingia popote palipokuwa na kitasa cha inchi tatu.

Inchi zinazoandikwa kwenye vitasa vya mtindo wa Kiingereza, ambao ndio tuliourithi, ni kina cha sanduku zima, kuanzia ukingo wa mlango kwenda ndani ya ubao. Kitasa cha inchi mbili na nusu kina sanduku la milimita 64, na cha inchi tatu kina la milimita 76. Hicho si kipimo kinachoamua tundu la ufunguo litakaa wapi. Umbali kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo ni kama milimita 44 kwa kitasa cha kwanza na milimita 57 kwa cha pili, na anayechanganya vipimo hivi huishia kuwa na mlango wenye tundu la zamani lililo wazi kando ya jipya.

Kuna kipimo kingine ambacho wanunuzi wengi hawakijui kabisa, nacho ndicho kinachowarudisha dukani: umbali wa kushuka kutoka katikati ya tundu la mkono wa kitasa hadi katikati ya tundu la ufunguo. Vitasa vingi vya mtindo wa Kiingereza vina milimita 57, ilhali vingi vya mtindo wa Kijerumani vinavyotumia silinda, yaani kipande cha kutilia ufunguo kinachoweza kutolewa peke yake, vina milimita 72. Mikono iliyoshikamana na bamba refu hutobolewa kwa kipimo kimoja tu, kwa hiyo bamba la mtindo mmoja halitaoana na sanduku la mtindo mwingine hata likiwa zuri namna gani. Njia salama ni kukitoa kitasa cha zamani na kwenda nacho dukani, au kupima vipimo hivyo vyote na kuviandika kwa milimita kabla ya kutoka nyumbani.

Suala la mlango wa mkono wa kulia na wa kushoto, yaani upande zilipo bawaba, ni dogo kuliko linavyoelezwa. Katika vitasa vingi ule ulimi wa mshazari unaweza kugeuzwa, wakati mwingine kwa kufungua skrubu moja tu, na karatasi iliyomo ndani ya boksi huonyesha namna.

Dhana: Kadiri leva zinavyokuwa nyingi, ndivyo mlango unavyokuwa mgumu kuvunjwa.

Leva ni vibamba vyembamba vilivyopangwa ndani ya kitasa, na kila kimoja lazima kiinuliwe na jino la ufunguo hadi kimo chake halisi, si juu wala chini yake, ndipo ulimi upate njia ya kusogea. Robert Barron alipata hataza ya kitasa cha namna hii Uingereza mwaka 1778, na msingi wake haujabadilika sana tangu hapo. Leva zikiongezeka, idadi ya funguo zinazotofautiana huongezeka, na kazi ya mtu anayejaribu kukifungua kwa waya huwa ngumu zaidi. Ndiyo maana leva mbili au tatu huonekana zinatosha kwa chumba cha ndani, na mlango wa nje ukapendekezewa tano.

Lakini anayeupiga mlango teke hapambani na leva. Anapambana na ulimi, na ulimi wa kitasa cha leva tano unaweza kuwa mfupi kuliko wa kitasa cha leva tatu. Kiwango cha Uingereza kinachojulikana kama BS 3621 hakitazami leva peke yake: kinataka ulimi utoke angalau milimita 20, funguo zinazotofautiana zisipungue 1,000, na sanduku listahimili kutobolewa kwa drili. Kabla ya kuuliza idadi ya leva, basi, ni vyema mnunuzi akauzungusha ufunguo papo hapo kaunta na kuupima ulimi kwa rula. Mizunguko ya ufunguo nayo si leva: kitasa kinachozungushwa mara mbili kinausukuma ulimi nje kwa awamu mbili, na anayekizungusha mara moja tu kwa uvivu hajapata faida aliyoilipia.

Kitasa cha silinda hakina leva za namna hiyo hata kidogo. Ndani ya silinda mna pini ndogo zinazosukumwa na springi, muundo ambao Linus Yale mdogo aliupa sura tunayoijua leo kwa hataza zake za miaka ya 1860 huko Marekani.

Dhana: Mlango ukivunjwa, kitasa ndicho kilichoshindwa.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Ukiutazama mlango uliovunjwa kwa nguvu, mara nyingi utakikuta kitasa kizima, ulimi wake umetoka kama ulivyofungwa, na kilichopasuka ni mwimo. Ulimi huingia katika tundu lililofunikwa na bamba dogo, na bamba hilo kwa desturi hukazwa kwa skrubu mbili fupi zilizomo ndani ya boksi, ambazo hushika ngozi ya ubao wa fremu tu. Skrubu za milimita 75, zinazopita kwenye fremu na kuingia katika ukuta au katika mbao zilizo nyuma yake, huuimarisha mlango zaidi kuliko kuongeza leva mbili, na bei yake haifikii hata sehemu ndogo ya bei ya kitasa kipya. Kwa maoni yangu, mwenye bajeti finyu na anunue kitasa cha wastani, kisha kilichobaki akiweke kwenye miimo, skrubu na bawaba.

Mafundi wa zamani wa Mji wa Kale hawakuhitaji kuambiwa hivyo. Milango mingi ya kuchongwa ya huko haikutundikwa kwa bawaba bali huzunguka juu ya ncha za mti zilizoingizwa katika vizingiti vya juu na chini, na ikafungwa kwa komeo kwa ndani, au kwa riza, yaani mnyororo, iliyotiwa kwenye tumbuu, ile pete ya chuma ya kupitishia kufuli, na kufuli kwa nje. Uimara wake ulikuwa katika unene wa mbao na miimo.

Bawaba husahauliwa zaidi katika milango inayofunguka kwa nje, kwa kuwa pini zake hubaki upande wa barabarani, ambako mtu anaweza kuzing'oa. Kuna bawaba ambazo pini zake hazitoki, na kuna vishina vya chuma vinavyozamishwa upande wa bawaba ili ubao usichomoke hata pini ikiondolewa. Mlango mzito wa mvule unahitaji bawaba tatu, si mbili. Kufuli nalo lina somo lile lile, kwa sababu kufuli nene lililotiwa katika tumbuu ya bati jembamba linalinda tumbuu tu.

Dhana: Stenlesi haishiki kutu, na sumaku itakuambia kama ni ya kweli.

Kwa mkazi wa Nairobi dhana hii ina madhara madogo. Kwa anayeishi Nyali, Bamburi au Shelly Beach ina gharama. Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake, na chumvi inayobebwa na upepo wa bahari ndiyo adui wa utando huo. Aina ya 304 ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, nayo hufaa sana bara, ila karibu na ufuo huanza kutoa madoa ya rangi ya chai. Aina ya 316 huongezewa kiasi cha asilimia 2 ya molibdenamu, ambayo huisaidia kustahimili chumvi, na kwa mlango unaotazama bahari ndiyo inayostahili bei yake. Hata hivyo nayo inataka kupanguswa kwa kitambaa na maji matamu mara kwa mara, hasa sehemu ambazo mvua haizifikii, kwa kuwa chumvi hutuama hapo.

Sumaku ina manufaa, ila si hakimu. Ikishika kwa nguvu bamba la rangi ya dhahabu lililouzwa kama brasi, basi ndani yake mna chuma kilichopakwa. Lakini aina ya 430 ni stenlesi na hushikwa na sumaku, wakati aina ya 201 haishikwi sana na bado ni dhaifu kuliko 304 mbele ya chumvi. Kuna pia mikono iliyotengenezwa kwa aloi ya zinki na kupakwa kromiamu, ambayo ni mizito mkononi na sumaku haiigusi, kisha utando wake hufura na kubambuka baada ya muda katika hewa yetu. Kwa brasi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, kagua nyuma ya bamba au ndani ya tundu la skrubu: brasi halisi ni ya manjano hadi ndani.

Jambo moja ambalo hata mafundi hodari hulipuuza ni skrubu. Metali mbili tofauti zikigusana mahali penye unyevu wa chumvi, ile dhaifu huliwa kwa ajili ya nyingine, kwa hiyo skrubu za chuma cha kawaida zilizokaza bawaba ya brasi hufa kwanza na kuiacha bawaba ikining'inia. Skrubu ziwe za metali ile ile ya kifaa, au ya stenlesi.

Dhana: Daraja lenye namba kubwa ndilo bora.

Inategemea namba imetoka wapi. Katika viwango vya Marekani vya vitasa, daraja la 1 ndilo la juu na la 3 ndilo la chini. Katika kiwango cha Ulaya cha makufuli ni kinyume chake: 1 ndilo la chini na 6 ndilo la juu kabisa. Namba isiyotaja kiwango chake ni pambo la boksi.

Dhana: Ufunguo ukipotea, kitasa chote kibadilishwe.

Kwa kitasa cha silinda hilo si lazima. Silinda hushikwa na skrubu moja ndefu inayopitia ukingo wa mlango. Ifungue, tia ufunguo na uuzungushe kidogo ili kijino cha katikati kilale sawa na silinda, kisha ivute. Vipimo vyake huandikwa kwa namba mbili, kama 30/30 au 35/45, navyo huhesabiwa kutoka katikati ya tundu la skrubu hiyo kwenda kila upande. Silinda ndefu kupita kiasi ni hatari, kwa sababu ikichomoza zaidi ya milimita 3 nje ya bamba, mwizi hupata pa kuishika na kuivunja. Anayehamia nyumba iliyokaliwa na wengine angefanya vyema kuibadilisha kabla ya kuingiza vyombo.

Dhana: Kitasa kikiwa kigumu, kitiwe mafuta.

Mafuta ya kupikia, ya nazi au ya injini hulainisha kwa siku chache, kisha hunasa vumbi na kugeuka kinamo ndani ya pini. Kilainishi kikavu ndicho kinachofaa. Kabla ya hapo, zungusha ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka kwa wepesi, kitasa hakina kosa: ubao umevimba kwa unyevu wa masika au bawaba zimelegea, na ulimi haulengi tena tundu lake.

Dhana: Mlango usiofunguka kwa ndani bila ya ufunguo ndio salama zaidi.

Ni salama dhidi ya mwizi, na ni mtego wakati wa moto. Bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, huku huku Pwani, liliungua Machi 1998 na kuua wasichana zaidi ya 20, na lile la Kyanguli, Machakos, liliungua Machi 2001 na kuua wanafunzi 67. Katika mikasa yote miwili, mlango uliofungwa na vyuma vya madirishani viliwazuia watoto kutoka. Nyumba ya kawaida yenye grili kila upande haina tofauti kubwa na mabweni hayo saa nane za usiku. Kwa mlango wa nje ipo silinda yenye tundu la ufunguo kwa nje na kirungu cha kuzungusha kwa vidole kwa ndani, nayo inafaa mradi tu pasiwe na kioo karibu ambacho mtu anaweza kukivunja akapenyeza mkono. Kwa grili inayofungwa kwa kufuli, ufunguo mmoja utundikwe ndani mahali ambapo mkono wa aliye nje haufiki, kila mwenye kulala humo apajue, watoto na mgeni wakiwemo, na dirisha moja la chumba cha kulala liwe na grili ya bawaba inayofunguka.