Dakika 60 za mtoto: maswali ya wazazi kuhusu mazoezi

Mtoto wa shule anahitaji mazoezi kiasi gani?
Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unataja wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa umri wa miaka 5 hadi 17. Si lazima ziwe za mfululizo. Dakika 20 za kutembea haraka kwenda shule, 15 za rede wakati wa mapumziko na nusu saa ya chandimu jioni: saa imetimia na chenji imebaki. Kipimo chepesi ni hiki: akiweza kuongea lakini kuimba kukamshinda, mwili unafanya kazi.

Binti yangu huchota maji na kudeki. Hayo si mazoezi?
Ni mazoezi. Ila wazazi tusijifiche humo. Mara nyingi ndoo ni za binti peke yake, kaka yake yuko uwanjani, na zikiisha hana tena muda wa kucheza wala wa kulala vya kutosha.

Mbona alipoingia sekondari aliacha michezo kabisa?
Hayuko peke yake. Kwa takwimu za dunia za mwaka 2016, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Wavulana walikuwa asilimia 78, nao hawana la kujivunia. Kwa wasichana, uvivu ni sababu ya mwisho kuifikiria. Muulize kwanza kama ana taulo za kike, kama choo cha shule kina maji na mlango unaofungika, na kama bukta ya michezo inamsitiri. Kisha jiulize nani nyumbani humwambia, "Wewe umeshakua, unakimbiakimbia nini?" Hedhi haikatazi mazoezi, wengine hata maumivu ya tumbo huwapungua. Na miaka ya balehe ndiyo mifupa hujijenga kwa kasi, hasa kwa kuruka na kukimbia. Netiboli anayoiacha leo ilikuwa akiba ya mifupa yake ya uzeeni.

Ana pumu. Apumzishwe?
Hapana, pumu iliyodhibitiwa haimzuii kucheza. Aanze taratibu kupasha mwili moto, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu, isifungiwe ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwenye selimundu naye anaweza kucheza, lakini kwa ushauri wa daktari: anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka, aepuke jua kali na baridi.

Masomo hayatashuka?
Kinyume chake, mazoezi husaidia umakini. Tuisheni ya Jumamosi nzima ndiyo ningeihoji.

Mtaani kwetu viwanja vimejengwa vyote.
Kweli, na inaudhi. Lakini kamba ya kuruka inahitaji nafasi ndogo tu, na watoto wawili wa kuizungusha.