Nimemeza dawa ya usubi nawashwa mwili mzima, ni sumu? Maswali na majibu

Kila ikipita kingatiba ya usubi, yaani dawa ya kugawiwa watu wote kijijini, maswali ni yaleyale, na wengi wanayauliza wakiwa tayari wanajikuna. Kwa asiyejua, usubi ni ule ugonjwa wa minyoo unaoletwa na vijinzi vyeusi vinavyozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, wengine wanauita upofu wa mtoni. Dawa ni ivamektini, wengi wanaijua kama Mectizan, inagawiwa bure tangu 1987.

Swali: Nimemeza jana mchana, usiku kucha nimejikuna mpaka damu. Nimelishwa sumu?

Jibu: Hapana. Sikiliza kwanza kinachoendelea humo ndani. Mnyoo jike mkubwa anakaa kwenye kinundu chini ya ngozi na kila siku anazaa vijiminyoo kama elfu moja hivi, hivyo ndo vinatembea kwenye ngozi na kuingia mpaka machoni. Ukienda kupimwa wanakunyofoa kipande cha ngozi kidogo kama kichwa cha pini, wanakitia kwenye tone la maji, ukichungulia kwenye hadubini unaviona vinatoka vinajinyonganyonga. Sasa kidonge kinavipooza vinakufa kwa wingi kwa wakati mmoja, mwili nao unashtuka kukuta mizoga kila mahali, unaanza kupambana nayo na hapo ndo unawashwa, unatoka vipele, unavimba uso au miguu, unapata homa, viungo vinauma, na wengine wanaota mitoki kwenye kinena. Yaani unachosikia mara nyingi ni vita ya mwili na minyoo iliyokufa, sio kidonge chenyewe kukudhuru. Kwa kawaida inaanza ndani ya siku 1 au 2 na inatulia ndani ya siku chache. Paracetamol inasaidia homa na maumivu, dawa za mzio zinasaidia muwasho, ila ulizia zahanati kabla hujajinunulia.

Swali: Mbona jirani yangu tumemeza pamoja na hana hata kipele?

Jibu: Pengine hana vijiminyoo, au anavyo vichache. Mwenye vingi ndo anateseka zaidi. Inauma ukifikiria, maana anayeihitaji dawa kuliko wote ndiye anayeishia kuisema vibaya kijiji kizima.

Swali: Nikiinuka naona giza, karibu nianguke.

Jibu: Hiyo ni presha kushuka ukisimama, inatokea kwa baadhi ya watu na hatari yake kubwa ni kuanguka, mtu anaamka usiku kwenda chooni anajikuta sakafuni na kichwa kimepasuka. Lala chali, inua miguu, kunywa maji, na ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndo usimame taratibu, na siku hiyo usipande ngazi wala kuendesha pikipiki. Ukizimia au ikigoma kuisha nenda kituo cha afya.

Swali: Macho yamekuwa mekundu yanatoa machozi. Napofuka?

Jibu: Kwa kawaida inapita, ni vijiminyoo vya machoni navyo vinakufa. Ila ukianza kuona ukungu au jicho linauma sana usisubiri, kapimwe. Zamani ilitumika dawa nyingine inaitwa DEC, hiyo ilileta vurugu kali kiasi cha kuharibu macho ya wagonjwa wa usubi, ndo maana mwenye usubi hapewi. Na tuseme ukweli tu, jicho lililokwisha kupofuka halirudishwi na ivamektini, inachofanya ni kulinda lililobaki.

Swali: Nani asimeze kabisa?

Jibu: Mjamzito, mama mwenye kichanga cha chini ya wiki moja, mtu anayeumwa sana, aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa hiyo, na mtoto chini ya sentimita 90 au kilo 15. Ile fimbo ya kupimia urefu unayosimamishwa sio mchezo, ndo mizani yenyewe: sentimita 90 hadi 119 kidonge 1, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Kwahiyo usimwambie mtoto ainue visigino ili apate. Kama unatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, sema mapema.

Swali: Nilimeza afu nikagundua nina mimba.

Jibu: Usihangaike kutoa mimba wala kujitapisha. Wanawake wengi wamewahi kuimeza bila kujua na haijathibitika kwamba inaharibu mtoto, katazo ni la tahadhari kwa sababu ushahidi ni mdogo. Waambie kliniki, endelea na mahudhurio.

Swali: Kuna watu walipoteza fahamu baada ya kumeza, ni kweli?

Jibu: Kweli, na hili halifichwi. Afrika ya Kati, mfano Kameruni na Kongo, kuna mnyoo mwingine anaitwa Loa loa, yule ambaye wakati mwingine mtu anamwona akipita juu ya jicho. Mwenye vijiminyoo vyake zaidi ya 30,000 kwenye mililita moja ya damu akimeza ivamektini ubongo unaweza kuathirika, anachanganyikiwa, anajikojolea, anaweza kuzimia hata kufa. Kwahiyo kama umeishi kwenye misitu ya huko sema kabla hujameza, upimwe damu. Na popote ulipo, mtu akichanganyikiwa, akishindwa kutembea, akivimba midomo au koo, au akipumua kwa shida, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Ya mifugo si ni dawa ileile?

Jibu: Jina lileile, dozi ya mnyama wa mamia ya kilo. Watu wameishia na degedege. Acha.

Swali: Mbona kila mwaka, na mwaka ujao nitawashwa tena?

Jibu: Dawa inaua vijiminyoo, mnyoo mkubwa haiuwi, inamzuia tu kuzaa kwa miezi kadhaa, na yeye anaweza kuishi miaka 10 hadi 15, so mnamezeshwa mpaka azeeke afe. Muwasho kwa wengi unapungua kila mzunguko kwa sababu vya kufa vinakuwa vichache. Kama mara ya mwisho ulilala kitandani siku 2, mwambie mgawa dawa kabla hujameza na umuulize kabisa zahanati inafungwa saa ngapi.