Andiko la ruzuku kumpa mwenzako alisome: yanayosemwa na yalivyo

"Atanipiga wazo." Hii ndo naisikia kuliko zote hapa Mwanza, mtu kamaliza masta juzi, andiko liko kwenye laptopu miezi minne na hajamwonyesha mtu. Jamani, wazo tupu halina bei kihivyo. Kichocho kwenye mialo ya Ziwa Victoria kipo na kila mtu anajua kipo, mfadhili analipia utafanyaje, na nani, wapi, kwa shilingi ngapi, na hayo mtu haondoki nayo kwa kusoma mara moja. Sisemi wezi hawapo, wapo, kwa hiyo chagua watatu wanne unaowajua, kubalianeni halitoki nje, tuma kwa imeili ili tarehe ibaki. Basi.

"Lazima asome wa fani yangu." Hapa na mimi niliumbuka. Andiko langu lilikuwa la kuwapima kichocho wavuvi wa dagaa, nimeandika vizuri kabisa kwamba timu itafika mwaloni saa tatu asubuhi kukusanya vikombe vya choo, wiki mbili mfululizo. Wenzangu wawili wa maabara wakasoma wakasema safi. Nikampa jamaa mmoja wa mambo ya samaki, yaani nilimpa tu kwa sababu tulikuwa tunakunywa chai Kirumba, akauliza hizo wiki mbili mwezi utakuwaje? Nikamwangalia. Kumbe dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta dagaa kukiwa na giza, kwa hiyo siku za giza wavuvi wanarudi alfajiri na saa tatu wamelala fofofo, afu mbalamwezi ikishika kazi inasimama na wengi wanaenda zao makwao, mwaloni unabaki na kina mama na nyavu zinazoshonwa. Ratiba yangu ilikuwa inaangukia nusu huku nusu kule. Sampuli ningeipata wapi? Nikabadilisha ratiba, nikabadilisha na bajeti maana ilibidi timu ilale hukohuko.

Na hata kwa wafadhili wenyewe jopo siyo wa fani yako wote. Chukua NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, kwa kawaida ni kama watatu hivi ndo wanapangiwa andiko lako walichambue, waliobaki mle ndani wanawasikiliza hao watatu na wao pia wanatoa alama. Sasa kama ukurasa wako wa malengo haumwingii mtu wa samaki, huyo wa mwisho mezani utampataje?

"Supavaiza ameshaona, inatosha." Haitoshi. Ameishi na hilo wazo kama wewe, mashimo anayaziba kichwani bila kujua.

"Mimi bado mdogo, siwezi kupitia andiko la mtu." Unaweza, tena wewe ndo unauliza yale maswali ya kijinga ambayo wakubwa wanaona aibu kuuliza. Ukisoma maandiko matano ya wenzako utaanza kuona la kwako linapopwaya, hamna semina inayofundisha hivo.

"Kupitia ni kurekebisha kiingereza." Hapana bwana, koma ziache kwanza. Uliza swali la utafiti liko wapi, je, njia zinajibu hilo swali au zinajibu lingine, bajeti inalingana na kazi? Nimeshaona andiko la visiwa vya Ukerewe halina hata senti ya kivuko.

"Nikikataliwa imeisha." Wafadhili wengi wanaruhusu kurudi. Hao hao NIH, mtu anarudisha andiko lilelile mara moja ndani ya miezi 37, na kwenye maombi mengi anapewa ukurasa mmoja mbele wa kuwajibu wapitiaji (alama zao ni 1 mpaka 9 na 1 ndo nzuri, usije ukampa mtu pole kwa kupata 2). Maoni ya wapitiaji soma leo ukasirike, jibu wiki ijayo, na hayo majibu pia mpe mwenzako ayaone maana hasira inajitokeza kwenye maandishi hata ukidhani umeificha.

Wiki ya mwisho usimpe mtu, atakusifia tu. Mpe ikiwa imebaki kama miezi miwili.

Yule jamaa wa samaki naye anaandika la kwake sasa, kaniletea juzi, kurasa sita, nimefika ya nne bado sijaona anauliza nini. Nimemwandikia hivohivo pembeni.