Kalamu fupi za Kijapani: tazama nibu kwanza

Juzi nimeletewa kalamu tatu za wino za Kijapani, zile fupi za mfukoni, mwenyewe anataka kujua kama amepigwa. Mbili zilikuwa nzima. Ya tatu iling'aa kuliko wenzake, ila nibu yake, kile kimdomo cha kuandikia, haikuwa na ncha.

Kalamu hizi zikifungwa zina sentimita 12 hivi, zinakaa kwenye mfuko wa shati bila kuchungulia. Kifuniko ndicho kirefu, mwili mfupi. Ukikivua na kukichomeka nyuma, unapata kalamu ya karibu sentimita 15 inayoutosha mkono wa mtu mzima. Kampuni za Sailor, Platinum na Pilot zilizitoa kwa wingi miaka ya 1960 na 1970. Pilot Elite S ilitoka 1968, na mwaka uliofuata Ohashi Kyosen, mtangazaji maarufu, akaitangaza kwenye televisheni kwa maneno yasiyo na maana yoyote. Japani nzima ikaijua. Baadaye bolpeni ikashika soko, kalamu zikabaki kwenye droo, nyingine hazijawahi kuonja wino.

Nyingi zina nibu ya dhahabu ya karati 14 au 18. Kuelekea 1970 viwanda vilishindana kupandisha karati hadi 21, 22, hata 23. Mimi hilo halinisisimui. Kinachogusa karatasi si dhahabu, ni kile kitone cha madini magumu kilichochomelewa mwisho wa nibu. Kikikatika, umebaki na kidani. Kwa hiyo muombe muuzaji picha ya nibu kwa ubavu, kwa karibu. Kitone kionekane kimevimba kidogo, na yale meno mawili yalingane. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia picha nzuri ya kifuniko, nibu sikuiuliza, nikajuta.

Kwenye nibu za Pilot tafuta pia mhuri mdogo. H374, kwa mfano, ni kiwanda cha Hiratsuka, Machi 1974. Nibu iliyo changa kuliko kalamu huenda imebadilishwa. Si kosa, ila bei ishuke.

Aliyewahi kuagiza gari Japani hatapotea njia hapa. Mnada wa mtandaoni wa Yahoo! Japan unauingia kupitia wakala, naye anataka chake. Ongeza nauli na ushuru wa forodha kabla hujafurahia bei. Usitafute kwa Kiingereza. Andika 万年筆, yaani mannenhitsu, "brashi ya miaka elfu kumi", uone vitu vinavyomwagika. Ukikuta ジャンク, yaani janku, maana yake kinauzwa kilivyo, hakirudishwi. Mafungu ya namna hiyo nimeyanunua sana, maana mara nyingi ubovu wenyewe ni wino uliokauka tu. Na usivizie sekunde ya mwisho: minada mingi hujiongeza muda dau likiingia dakika 5 za mwisho. Weka kikomo chako, ukalale.

Swali ambalo wanunuzi wapya hawaulizi ni wino utaingiaje. Katriji, kile kichupa cha wino cha kuchomeka, ya Pilot haiingii kwenye Sailor, ya Sailor haiingii kwenye Platinum. Tena mwili ni mfupi, konveta (kifaa cha kunyonyea wino wa chupa) kubwa kama CON-70 ya Pilot haienei. Mimi huosha katriji tupu na kuijaza kwa bomba la sindano, na sijaona njia iliyo rahisi zaidi.

Pilot Myu 701 ya 1971 ni kesi ya peke yake. Nibu na sehemu ya kushikia ni kipande kimoja cha chuma kisichoshika kutu. Inapendeza mno, na wakusanyaji wameipandisha bei, lakini ikianguka kichwa chini huna nibu ya kubadilisha. Anayeanza namwelekeza kwenye Elite ya kawaida.

Ikifika, iloweke sehemu ya nibu kwenye maji ya kawaida usiku kucha, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana, plastiki ya miaka 50 hupinda. Wino wa kuchorea nao usiutie kabisa.

Ile ya tatu nimemwambia mwenyewe asiitupe. Ni Elite, na mimi ninayo nyingine ya aina ileile, nibu yake safi ila kifuniko kimebonyea. Tunajadiliana bei.