Kapasita yenye swichi si picha ya feri

Dhana: ukitaka impedansi (ukinzani kwa mkondo unaobadilika) ya mlango wa saketi yenye kapasita na swichi, endesha uchambuzi wa AC (kupima kwa mawimbi madogo) kwenye SPICE, programu ya kuiga saketi, basi.

Ukweli: uchambuzi huo hutafuta kwanza hali tuli, ukazigandisha swichi zote pale zilipo, ndipo ukapima. Ni sawa na kuipiga picha feri ya Likoni ikiwa gatini, kisha ukaapa kwamba hakuna anayevuka. Watu wanavuka, ila kwa mafungu. Kapasita nayo ndivyo: swichi ya kwanza inaunga, inapakia chaji, inakata, ya pili inaunga, inashusha. Chukua pikofaradi 1 na saa (mapigo yanayoendesha swichi) ya kilohezi 100. Kwa volti 1, kila mzunguko unabeba pikokulombi 1, kwa hiyo mkondo wa wastani ni nanoampea 100. Chanzo kinaona rezista ya megaomu 10, yaani 1 gawanya kwa masafa mara kapasitansi. Maxwell alishalieleza hilo mwaka 1873.

Dhana: ukiendesha simulesheni ya muda, inayoifuata saketi hatua kwa hatua, jibu haliwezi kukosa.

Linakosa sana tu. Kijana mmoja wa hapa Majengo aliniletea laptopu yake yenye saketi hiyohiyo, mkondo karibu sufuri, na lawama zote kwa programu. Nukta alizohifadhi zilikuwa moja kila nusu mikrosekunde. Swichi yake ya kiloomu 1 na pikofaradi 1 hujaza kwa muda wa kadiri ya nanosekunde 1, hivyo mikondo ile mikubwa ya muda mfupi sana ilipita katikati ya nukta bila kuonekana. Tukapunguza hatua, tukaacha mizunguko ya mwanzo itulie, tukajumlisha chaji kwa mizunguko kamili. Megaomu 10 ikatoka. (Chai ya tangawizi alilipa yeye.)

Dhana: kanuni hiyo ya rezista inafaa popote.

Inafaa pale kapasita inapomwagwa kila mzunguko, na mawimbi ya kuingia yakiwa ya polepole kuliko saa. Arduino Uno R3, bodi ndogo ya kielektroniki yenye chipu ya ATmega328P, ina kapasita ya pikofaradi 14 kwenye kipimo chake cha analogi. Ukisoma pini moja yenye volti isiyobadilika, kapasita inakuta volti yake ileile na haichoti karibu chochote. Ruka kati ya pini zenye volti tofauti, nayo inaanza kunywa. Ndiyo maana watengenezaji wa chipu hiyo wanashauri chanzo kisizidi kiloomu 10.